Gauni Alilolirudisha Dobi

Kila asubuhi Fundi huanza na pasi. Huitia maji, huingoja ianze kupumua mvuke, kisha huyapitia magauni ya kijani moja baada ya jingine. Yote yamekatwa kwa kipimo kimoja. La kwanza ni safi. La pili lina vumbi. La tatu limechanika begani. La mwisho ni lile ambalo mpambaji hulipaka damu ya sharubati kabla kamera hazijawashwa.

Kazi hiyo humtuliza. Kitambaa hakiulizi maswali.

Asubuhi hii alikuwa kwenye gauni la pili, mlango ukafunguliwa bila hodi. Hapo ndipo nilipokuacha, msomaji, pasi ikiwa hewani na sauti ya mwanamke ikisema nyuma ya Fundi, "Gauni hili nalijua."

Fundi hakugeuka. Sauti hiyo ilimbembeleza alipokuwa mchanga, na ilimchapa kwa maneno alipokuwa mkubwa.

Ilikuwa sauti ya mama yake mzazi.

Wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikukimbizie habari. Mdogo wake Fundi alitoka nyumbani asubuhi moja amevaa gauni la kijani, asirudi. Kesho yake dobi wa mtaani akabisha hodi na gauni lile lile mikononi, limefuliwa, limenyooshwa, limekunjwa kama bahasha. Akasema binti alipita dukani kwake, akabadilisha nguo, akaliacha lifuliwe, akaaga kwamba anakwenda kukaa kwa rafiki yake. Mama akamshukuru dobi, na usiku ule akalala vizuri.

Mwisho wa wiki binti alipatikana kwenye mtaro nyuma ya soko, kichwa kimepasuliwa.

Magazeti yaliiita Kesi ya Dobi. Dobi akakamatwa. Dobi akaachiwa. Leo, miaka mingi baadaye, inatengenezwa filamu ya kutisha kutokana na kesi hiyo, na Fundi ameingia kazini humo bila kumwambia mtu yeyote kwamba maiti anayemvalisha kila siku ni mdogo wake.

Siri hiyo ilimtoka leo, mbele ya meza ya pasi.

"We mtoto," mama alisema. "Si uliniambia unashona mapazia?"

Nyuma ya mama alisimama mwongozaji wa filamu. Watu wote wa kazini wanamwita Kata, kwa kuwa hilo ndilo neno linalotoka kinywani mwake mara nyingi kuliko salamu. Alimtazama mama. Akamtazama Fundi. Njiti ya meno aliyokuwa akiitafuna ikahama kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto.

"Huyu ni mtoto wako, mama?"

"Wa kwanza. Na sasa wa pekee."

"Basi leo nimeamkia upande mzuri," Kata alisema. "Nimepata ukoo mzima kwa nauli ya mtu mmoja."

Alicheka peke yake.

Fundi aliizima pasi, akamvuta Kata mkono mpaka kwenye ujia, penye masanduku ya taa. Akamwuliza kwa nini mama yake yupo pale. Kata alijibu bila kuficha kwamba alimfuata nyumbani kwake, akakaa sebuleni, akaangalia picha za marehemu, akamwomba aje afue gauni mbele ya kamera kama alivyolifua siku ile. Alimwambia filamu inataka kuonyesha upendo wa mama.

Uongo mtupu. Fundi ameisikia filamu hiyo mwanzo mpaka mwisho. Humo dobi si mtu, ni pepo wa mvuke anayekaa ndani ya pasi, na mama ndiye anayemfungulia mlango. Anafua gauni, doa linayeyuka majini, pepo anatoka akicheka. Kata huiita sehemu hiyo pale watazamaji watakapokumbatiana gizani kwa hofu.

Na hapa, msomaji, Fundi alifanya kosa. Alifikiri mwanaume yule ana moyo mahali fulani, ila hajaoneshwa sababu ya kuutumia. Kwa hiyo akamweleza jambo ambalo familia yao ililimeza na kulifungia tumboni.

Gauni lilirudi kutoka kwa dobi likiwa na doa upande wa nyuma, ndani ya upindo. Mama, ambaye hajapata kumsifia mtu mwingine kwa ufuaji, alikasirika, akaliingiza gauni kwenye beseni, akalifua mwenyewe, akalianika. Askari walipokuja kulichukua, lilikuwa safi kama limetoka kununuliwa. Mahakamani akaulizwa doa lilikuwa la nini. Akasema tope. Kama ni tope, hapakuwa na damu. Kama hapakuwa na damu, hapakuwa na kesi. Hakimu alimwachia dobi kwa kukosekana ushahidi, akasema faili halifungwi, likipatikana neno jipya arudishwe.

Siku ya uamuzi mama alikuwa kitandani na homa. Baba akakataza mtu kumwambia. Wakamtungia habari kwamba shahidi mmoja alitoroka, ndiyo maana kesi ikaanguka. Baba amekufa na uongo huo. Fundi anaishi nao.

"Hajui kwamba mikono yake ndiyo iliyomtoa yule mtu," Fundi alisema. "Nakuomba. Ondoa sehemu hiyo. Mwambie taa zimeharibika, mwambie chochote, arudi nyumbani."

Njiti ya meno ilisimama.

"Hajui?"

"Hajui."

Kata alitazama mwisho wa ujia, alikopelekwa mama kupambwa. Alikuwa kama mtu anayesikia chakula kikikaangwa chumba cha pili.

"Mimi nilidhani namleta aigize," alisema. "Kumbe hahitaji kuigiza. Kamera itamwona akijua."

Fundi alikuwa ameomba huruma, na badala yake akamkabidhi kisu, tena kwa upande wa mpini.

Alikimbilia chumba cha kupambia. Mama alikaa mbele ya kioo kilichozungukwa na balbu, amenyoosha mikono juu ya taulo, mpambaji akiipaka mafuta. Alikuwa anacheka. Fundi hakukumbuka ni lini alimwona mama yake akicheka meno yakiwa nje.

Akamwambia mpambaji awapishe kidogo. Akamwambia mama avae viatu, waondoke. Mama akauliza kuna nini. Fundi akasema watu hawa si wema. Mama akasema wameshampa chai na kiti cha kuegemea, yeye amempa nini wiki hii. Fundi akasema filamu itamtukana marehemu. Hapo mama akaacha kucheka.

"Nyinyi mlinizika pamoja naye," alisema taratibu, akitazama kioo, si mtoto wake. "Nikimtaja, mnaongeza sauti ya redio. Baba yako alikuwa anatoka nje. Wewe unakwenda kuosha vyombo ambavyo ni safi. Huyu kijana amekuja, amekaa, ameniuliza mwanangu alikuwa analalia ubavu gani. Wewe unakumbuka?"

Fundi alijaribu. Walilala kitanda kimoja utoto wao wote.

Hakukumbuka.

"Ubavu wa kushoto," mama alisema. "Angebaki yeye, angenileta hapa mwenyewe kwa mkono. Sasa niache nikafue."

Uani walikuwa wamejenga ua mwingine ndani ya ua: ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya saruji, kamba ya kuanikia, kigoda, beseni kubwa la bati. Maji ya moto yalifuka mvuke mpaka usoni kwa mpiga picha. Kata aliutaka mvuke huo, maana pepo atachorwa ndani yake baadaye. Alimwelekeza mama kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto. Akae. Afue. Akitaka kusema, aseme. Asihangaike na kamera.

Fundi alisimama pembeni, karibu na soketi iliyolisha taa zote. Waya ulikuwa mnene kama kidole gumba. Alijiambia, akilia tu, nauchomoa.

Mama alipewa gauni lililopakwa doa upindoni. Alilikunjua, akalitazama. Kisha akachovya kidole kwenye beseni, akakitoa upesi.

"Yamwageni haya. Nataka ya baridi. Na chumvi."

Kata alieleza habari ya mvuke. Mama alieleza kwamba kama anaupenda sana mvuke, aje afue yeye. Wafanyakazi wakacheka. Kata, ambaye hapendi watu wacheke kitu ambacho hakukisema yeye, akaamuru yaletwe maji ya baridi na pakiti ya chumvi kutoka kwa wapishi, na kamera iendelee.

Mama alinyunyiza chumvi kwa ncha za vidole, akaizamisha nguo, akaanza kusugua.

Kuna kitu kilimgusa Fundi nyuma ya shingo. Ameshika vitambaa maisha yake yote. Tope huliacha likauke, ukalipiga brashi, ndipo ukatia sabuni. Maji baridi na chumvi ni dawa ya kitu kingine.

Hakupata nafasi ya kufikiri zaidi. Kata aliusukuma mlango wa bandia, na mtu akaingia uani.

Alivaa suruali ya kijivu iliyonyooshwa mpaka mkunjo ukasimama wima. Alikuwa amenenepa. Uhuru ulikuwa umemkaa vizuri mwilini. Kata alikuwa amemwalika tangu juzi kwa kisingizio cha kumfundisha mwigizaji jinsi ya kukunja nguo, akamficha chumba cha nyuma na soda mbili.

Dobi.

Mama alimwona. Mikono haikutoka majini, ila iliacha kusogea.

Fundi aliukamata waya. Kabla hajavuta, vidole vya Kata vilimshika kifundo cha mkono.

"Tulia," alimnong'oneza. "Tangu akamatwe, mtu huyu hajasema neno. Kwa polisi kimya, kwa hakimu kimya, kwa magazeti kimya. Leo nimemwambia yule mama yupo, akasema ana jambo la kumwambia. Faili halijafungwa, umesema mwenyewe. Akisema hapa, amesema. Chagua. Mama yako aendelee kulala usingizi, au yule asilale tena."

Fundi alimtazama mama yake, mgongo umeinama juu ya beseni, shingo nyembamba. Akamtazama mtu mwenye suruali ya kijivu.

Akauachia waya.

Msomaji, usiharakishe kumlaumu. Jiulize kwanza wewe ungeushika kwa mkono gani.

"Shikamoo, mama," dobi alisema.

Mama hakuitika. Shikamoo ile ilibaki imening'inia uani kama nguo iliyosahauliwa kambani.

Dobi hakuonesha kuumia. Alisema amekuwa akitamani kumwona kwa muda mrefu, ila watu wa mtaani wasingempokea. Alisema watu walimzulia mengi, walimvunjia duka, mkewe akaondoka na watoto. Katika watu wote, mmoja tu alimtendea haki. Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akiinua suruali magotini isijikunje.

"Nimekuja kukushukuru," alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa kazi yako. Na kwa ulivyosimama pale mbele ukasema lilikuwa tope."

Mama alisema aliulizwa, akajibu, hakumsaidia mtu, kesi iliangushwa na shahidi aliyetoroka. Dobi akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli kabisa kwa macho.

"Hawakukuambia?" aliuliza. "Mama, walikuwa hawatafuti kitu kingine ila doa lile. Lingekuwepo, mimi leo ni mifupa. Walipolifikia, ulikuwa umeshalifua. Hakuna shahidi aliyetoroka. Ni mikono hii." Akainyooshea kidole ndani ya maji. "Hii hapa. Nimeiombea maisha marefu."

Kata alimpungia mpiga picha asogee karibu. Kamera iliusogelea uso wa mama mpaka vinyweleo vikaonekana. Walikuwa wanangoja uvunjike.

Mama aligeuza kichwa, akamtafuta mtoto wake kivulini nyuma ya taa.

"Ni kweli?"

Fundi alitaka kusema ni baba, ni homa, ni woga, ni upendo. Alitikisa kichwa tu kukubali.

"Miaka yote hii mmenihesabu mtoto."

"Tulikuonea huruma, mama."

"Mlinionea," mama alisema. "Mimi nilijua kesi imevunjwa na shahidi. Nikasema basi, kinywa changu hakina kazi tena, nikifunge. Mngeniambia siku ile ile, ningerudi siku ile ile."

Fundi hakuelewa. Kata hakuelewa. Mpiga picha aliangalia lenzi yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Mama alimrudia dobi. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayeuliza bei.

"Wewe ni fundi wa nguo. Hebu niambie. Nani hutia chumvi kwenye tope?"

Dobi alifungua mdomo kujibu. Macho yake yakaangukia pakiti ya chumvi iliyokuwa kando ya kigoda, imepasuliwa kwa meno. Yakaenda kwenye maji. Hayakuwa yanafuka. Yakarudi kwenye pakiti.

Lile tabasamu halikuondoka mara moja. Lilianza kulegea upande mmoja, kama pazia lililotoka kwenye kulabu.

"Zima hiyo kamera," alisema.

Kata, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, alisahau neno lake. Mashine iliendelea kuvuma.

Dobi alisimama. Alisema mama amezeeka, anachanganya mambo, na ni makosa kumweka mtu wa umri huo juani. Alisema anaondoka. Lakini hakuondoka. Aliinama tena, safari hii bila kujali suruali, akasema kwa sauti ya chini ambayo kinasa sauti kilichofichwa chini ya kigoda kiliipokea yote.

"Uliapa, mama. Ukibadilisha leo, anayefungwa ni wewe, kwa kuidanganya mahakama. Utakufa jela, mwenzako nikiwa huru. Fikiri vizuri. Lilikuwa tope."

Fundi aliruka nyaya, akapiga magoti kwenye saruji ya uongo, maji yakamlowesha mapajani. Aliushika mkono wa mama yake ndani ya beseni. Ulikuwa wa baridi kama samaki. Alijua sasa kwamba kila alichofanya kumlinda mama kilikuwa kimemlinda dobi. Alitaka kumwomba anyamaze asifungwe. Alitaka kumwomba aseme. 

Mama aliutoa mkono wake taratibu. Akalinyanyua gauni kutoka majini, akalikamua mpaka tone la mwisho, akaligeuza upindo nje. Doa la mpambaji lilikuwa limekwisha.

"Niliapa," mama alimwambia dobi, "nikasema tope. Chumba kilijaa wanaume. Hakimu mwanaume, askari wanaume, baba yake ameketi mbele ananitazama. Ningesemaje? Ulipoleta gauni nililikunjua, nikaona nyuma pamechafuka, nikajua siku zake zimemkuta njiani, ndiyo maana amebadilisha nguo kwako. Nikaona haya kwamba wewe mwanaume umeiona. Nikaitoa kwa chumvi, kama nilivyowafundisha binti zangu wote wawili walipovunja ungo, nikanyamaza, asije akachekwa akirudi. Hakurudi. Nilipokiona kichwa chake nikajua ile imetoka wapi, na bado nikaona haya. Nilimsitiri mtoto aibu ambayo hakuwa nayo, nikakusitiri wewe."

Akavuta pumzi.

"Halikuwa tope. Ulinirudishia gauni lina damu ya mwanangu."